Gunia, Gorogoro na Mtungi Uliopasuka: Namna ya Kuvipa Kazi ya Pili

Mvua ikikaribia, maswali ni yale yale. Gunia gani linafaa kupanda sukuma? Mtungi uliokuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikiusugua kwa maji moto si utakuwa sawa? Mbona mboga za juu zinanawiri na za chini zinakauka? Anayeuliza mara nyingi ni mpangaji wa Manyatta au Nyalenda kule Kisumu, au Kaptembwo hapa Nakuru: mtu wa chumba kimoja, kibaraza chembamba, na rundo la vitu nyuma ya mlango ambavyo moyo unakataa kuvitupa.

Basi haya hapa majibu kwa pamoja. Nimeegemea zaidi bustani ya gunia, yaani gunia la udongo linalopandwa mboga juu na pembeni, kwa sababu ndiyo inayorudisha kitu mezani, kisha kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Mengine nimeyapitia haraka. Hayahitaji hadithi ndefu.

Kwanza: chombo kilibeba nini?

Kabla hujashika kisu, jiulize hicho chombo kilikuwa na nini. Jibu la hapo ndilo linaloamua kazi yake ya pili, hata kama kwa macho kinang'aa.

Kilichobeba chakula, yaani mafuta ya kupikia, unga, mchele, sukari, maziwa au maji, kina ruhusa ya karibu kila kazi. Kilichobeba sabuni, mbolea au chakula cha kuku kisuuze vizuri ukipeleke bustanini, lakini kisirudi jikoni wala kwenye maji ya kunywa.

Kilichobeba dawa ya wadudu, dawa ya magugu, dawa ya kuogeshea mifugo, rangi, oili chafu ya gari au maji ya betri hakina kazi ya pili nyumbani. Hakuna. Plastiki ya mtungi hufyonza kemikali na kuzitoa polepole baadaye, na maji moto hayaziondoi. Chombo cha dawa ya shamba kisuuze mara tatu, maji hayo uyamimine kwenye bomba la kupulizia uyamalizie shambani, kisha toboa kitako ili asije mtu akakiokota na kukitekea maji. Gunia la mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au kijani, nalo liko kundi hili. Watu wengi hawalijui hilo kwa sababu limeandikwa "mahindi" kwa nje.

Na kuna kosa la upande wa pili ambalo linaumiza watoto zaidi: kutia mafuta ya taa au Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, kwenye chupa ya soda. Mtoto anajua chupa ya soda ina soda. Usifanye hivyo hata kwa usiku mmoja, hata kama umeiweka juu ya kabati.

Vitu vya kuwa navyo kwa gunia moja

- Gunia la kilo 90 la mahindi, au la chakula cha kuku. Gunia la sukari la kilo 50 pia linafaa, ila mboga zitakuwa chache. Gunia la makaa limefumwa wazi mno, udongo unavuja.
- Gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wa kupimia nafaka, iliyotoboka kitako. Kama bado kitako kipo, kitoe, ibaki bomba fupi lililo wazi pande zote mbili. Ndoo ya mafuta ya Kasuku ya kilo mbili iliyokatwa kitako inafanya kazi ile ile.
- Debe moja la kokoto, au vipande vya matofali na vigae. Saizi ya yai inatosha.
- Madebe matatu ya udongo wa juu, na debe moja na nusu la samadi iliyooza. Samadi iliyooza hainuki na haina joto ukitia mkono ndani.
- Miche thelathini hivi. Miche ya sukuma utaipata kwa wauzaji wa barabarani au sokoni, Kibuye au Wakulima, hasa mvua zikianza.
- Kisu kikali, kijiti chenye unene wa kidole, na chupa ya plastiki ya lita moja au zaidi.

Udongo hutofautiana, kwa hiyo usifuate kipimo kimoja kama msahafu. Kisumu na uwanda wa Kano kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo ondoa debe moja, weka debe la mchanga au maganda ya mpunga mahali pake. Maganda hayo ni taka kwenye viwanda vya kukobolea mchele vya Ahero, ukipita na gunia tupu hutashindwa. Udongo wa Nakuru wa asili ya volkano ni mwepesi na maji hupita upesi, kwa hiyo mchanga hauna haja, ongeza samadi. Udongo mwekundu wa Kakamega na Vihiga mara nyingi una uchachu. Mkono mmoja au miwili ya majivu ya kuni ndani ya mchanganyiko wote inausaidia. Mkono, si karai. Na yawe majivu ya kuni au makaa, si ya pale mlipochomea takataka za plastiki.

Kujenga gunia

1. Chagua mahali na uwe na uhakika napo, kwa sababu gunia likishajaa na kulowa hupita kilo mia moja kwa urahisi na halihami tena. Lipate jua angalau nusu ya siku, liwe karibu na maji, na kuku wasiwe na njia hapo. Ongea na mwenye ploti kabla, si baada. Usiliweke kwenye roshani ya ghorofa.

2. Panga matofali machache au mawe bapa chini, gunia likae juu yake. Likikaa moja kwa moja kwenye simenti, maji hutuama na kitako huoza.

3. Changanya udongo, samadi na vingine nje ya gunia, juu ya turubai au gunia jingine, mpaka usione tena rangi mbili. Ukijaza kwa tabaka, samadi huku udongo kule, mizizi itaungua mahali na kukosa chakula kwingine.

4. Kunja mdomo wa gunia kwa nje kama unavyokunja mkono wa shati, mpaka libaki kimo cha goti. Mwaga udongo wa kina cha kiganja ndani. Huu ndio msingi.

5. Simamisha gorogoro katikati, juu ya huo udongo. Ijaze kokoto. Kisha jaza udongo kuizunguka mpaka ulingane na mdomo wake. Bonyeza kwa viganja kuelekea pembeni, kwenye kuta za gunia, ili lisimame wima. Usikanyage kwa miguu. Udongo ukishindiliwa mno maji hayapiti.

6. Sasa vuta gorogoro juu taratibu huku ukiizungusha kidogo kushoto na kulia. Utasikia kokoto zikishuka na kukaa mahali pake, na nguzo ya mawe, ambayo ndiyo njia ya maji kufika chini, itabaki katikati ya udongo. Usiing'oe yote: acha upana wa vidole viwili bado umezama, ndipo ujaze kokoto tena. Ukiing'oa kabisa, udongo huporomoka juu ya mawe na hapo nguzo imekatika. Huwezi kuona kilichotokea, na mboga za chini zitakuja kukudai baadaye.

7. Rudia hatua ya tano na ya sita ukikunjua gunia kadiri unavyopanda. Simama ukibakisha upana wa kiganja juu. Ukingo huo ndio unaozuia maji kumwagika. Kokoto zionekane katikati.

8. Mwagilia mpaka uone maji yakichuruzika kwenye kitako, kisha uliache siku mbili tatu. Udongo utashuka; ongeza kidogo juu.

9. Toboa matundu pembeni. Anza shibiri moja kutoka chini, na kati ya tundu na tundu kuwe na shibiri moja pia. Mstari wa pili upishane na wa kwanza, tundu likae katikati ya mawili ya chini yake. Kata mkato mdogo wa msalaba wenye urefu wa vidole viwili. Ukikata mduara mkubwa, kila ukimwagilia udongo utatoka na maji.

10. Panda jioni, jua likishapoa. Ingiza kijiti kwa kuelekeza chini kidogo, zungusha kupata nafasi, weka mche mizizi ikiwa imenyooka, bana udongo kwa kidole gumba. Mizizi ikikunjwa kuelekea juu, mche unadumaa. Sukuma na spinachi ndizo za pembeni. Juu weka managu, dania au kitunguu cha majani. Saga haipendi kuhamishwa. Mbegu zake zimwage papo hapo juu na uzifunike kwa udongo mwembamba. Mrenda vivyo hivyo.

11. Chukua ile chupa, toboa kifuniko mara mbili au tatu kwa sindano uliyoipasha moto, kata kitako. Ichimbie juu chini kandokando ya kokoto, mdomo ukiwa ardhini. Ukiijaza asubuhi, maji yatashuka polepole wakati uko kazini.

Wakati wa kiangazi gunia moja linataka kati ya lita tano na kumi kwa siku, na sehemu kubwa imwage juu ya kokoto, si juu ya majani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi au Jik yaepuke.

Sukuma huanza kuchumwa kati ya mwezi mmoja na mwezi mmoja na nusu baada ya kuhamishwa. Chuma majani ya chini, uache manne au matano ya juu. Anayechuma mpaka juu kwa sababu wageni wamekuja, asubiri wiki tatu ndipo aone jani jingine.

Kibuyu chirizi kutoka mtungi wa lita tano

Mwaka 2020 wakati wa Corona vilikuwa kila mlango, na mtoto wa Bungoma alitunukiwa nishani ya rais kwa kifaa chake cha mbao cha kunawia kwa kukanyaga. Kisha vikaachwa vikakauka. Kipindupindu na kuhara havikuondoka, kwa hiyo choo cha ploti bado kinahitaji kimoja.

Tafuta mtungi wa lita tano wa mafuta ya kupikia wenye mkono na kifuniko, miti miwili yenye panda, fito mbili, kamba, msumari, kipande cha sabuni na chupa ya plastiki.

1. Osha mtungi kwa maji moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe.
2. Pasha msumari moto, ushike kwa koleo, toboa tundu moja upande ulio mkabala na mkono wa mtungi, upana wa kiganja kutoka kwenye kifuniko. Tundu moja tu, la unene wa msumari. Fanya hivyo nje. Moshi wa plastiki si wa kuvuta.
3. Toboa kifuniko katikati, pitisha kamba, piga fundo kwa ndani, funga kifuniko.
4. Chimbia miti yenye panda kina cha nusu mita, isimame kimo cha kifua cha mtu mzima. Kama ni kwa watoto wa shule, ishushe. Laza ufito juu baada ya kuupitisha kwenye mkono wa mtungi.
5. Ncha ya pili ya kamba ifunge kwenye ufito mwingine ulio chini, upande mmoja ukigusa ardhi. Huo ndio wa kukanyaga. Ukikanyaga, mtungi unainama, maji yanachirizika, ukiachilia, unarudi.
6. Toboa sabuni, itundike kwa kamba. Juu yake funika kwa nusu ya juu ya chupa, mvua isiimalize.
7. Chini yake chimba shimo la karai moja, ujaze kokoto. Bila hilo utakuwa na tope siku ya pili.

Vingine, kwa haraka

Mtungi wa lita ishirini uliopasuka. Ufa mdogo mafundi wa sokoni huuziba kwa chuma cha moto, na mtungi ukaendelea kubeba maji ya kufulia. Ukipasuka kitako, ukate kwa urefu: upate mabirika mawili ya kulishia kuku, au vitalu viwili vya miche ukitoboa chini. Sehemu ya mdomo pamoja na mkono wake ni faneli nzuri kuliko ile ya kununua.

Pakiti za maziwa za nusu lita zinabeba mche mmoja mmoja vizuri. Zioshe, toboa pembe za chini. Maziwa yakibaki ndani, sisimizi watakuja kabla ya mche kuota.

Shingo ya chupa ya soda, ikikatwa pamoja na kifuniko chake, hufunga mfuko wa sukari au unga: pitisha mdomo wa mfuko ndani ya shingo, ukunje kwa nje, funga kifuniko juu yake. Mende hawaingii. Jinzi iliyochanika goti ina miguu miwili ya kitambaa kigumu. Kunja mara nne, shona, umepata cha kushikia sufuria. Mswaki mkuukuu, kwa matundu ya jiko la gesi na kingo za kioo cha simu.

Chandarua nataka nikizungumzie kidogo zaidi, maana hapa watu hukosea wakijua. Chandarua kizima ni cha kitandani, mwisho wa habari, hasa huku ukanda wa ziwa ambako malaria haina likizo. Kilichochanika kisiweze kushonwa, hicho kifunike vitalu vya miche dhidi ya kuku na vipepeo. Kisitumike kuanikia omena wala kuvulia samaki: kimetiwa dawa, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Kwa sababu hiyo hiyo usikifulie ziwani wala mtoni.

Tairi kuukuu usiache linakusanya maji uani. Maji yakituama wiki moja tu, mbu wameshapata nyumba. Litoboe chini au ulijaze udongo upande maua.

Mambo yakienda mrama

*Mboga za chini zinanyauka, za juu ziko sawa.* Maji hayafiki. Ama nguzo ya kokoto imekatika, ama unamwaga kwa kasi pembeni. Mwaga polepole juu ya mawe. Isiposaidia, sukuma fito nyembamba iliyochongoka kutoka juu karibu na kokoto mpaka katikati ya gunia, itoe, mwaga maji kwenye tundu hilo.

*Majani ya chini yanageuka manjano.* Tia kidole kwenye udongo. Ukiwa tope, punguza maji na uangalie kitako kama kinachuruza. Ukiwa na unyevu wa kawaida, chakula kimeisha: loweka samadi ndani ya kigunia kidogo kwenye ndoo iliyofunikwa kwa wiki mbili, zimua mpaka iwe rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, mwagilia kwenye mizizi mara moja kwa wiki.

*Vidukari chini ya majani.* Chuma majani yaliyojaa uyaondoe. Yaliyobaki nyunyizia maji yenye sabuni kidogo ya kipande, upande wa chini, jioni. Rudia baada ya siku tatu nne. Osha vizuri kabla ya kupika. Dawa kali ya dukani kwenye mboga unazochuma kila siku mbili haina maana.

*Asubuhi mche umelala, umekatwa shingoni.* Ni sota, yule kiwavi mkata miche. Fukua udongo kuzunguka shina, utamkuta amejikunja, muue. Kwa miche ya juu, kata pete za chupa ya plastiki zenye kimo cha vidole vitatu, zizungushie shina na kuzizamisha kidogo.

*Gunia linachanika upande wa jua.* Nyuzi za plastiki huliwa na jua, na gunia lililokwisha tumika lilianza kuzeeka kabla hujalipata. Lizungushie mikanda ya nguo kuukuu mahali pawili au patatu, tena mapema, kabla tumbo halijafutuka. Likipasuka kabisa mavuno yakiwa yamebaki, livike gunia la pili kwa nje na utoboe matundu upya mahali mboga zilipo. Nyuzi zilizokatika ziokote; mbuzi na ng'ombe huzila zikawakwama tumboni.

*Kibuyu chirizi kinadondoka hata hakijakanyagwa.* Tundu liko chini mno, au umejaza kupita tundu. Kijaze mpaka chini kidogo ya tundu. Kama ulitoboa chini kabisa, ziba kwa plastiki iliyoyeyushwa na utoboe jingine juu.

*Kamba ya kukanyagia inakatika kila wiki.* Inasugua ukingo wa kifuniko. Pitisha kwanza kwenye kipande cha slipasi chenye tundu kabla ya kupiga fundo, na utumie kamba ya nailoni badala ya katani. Sabuni nayo ikiibiwa, na kwenye ploti itaibiwa, loweka vipande vidogo vilivyobaki bafuni ndani ya chupa ya maji, toboa kifuniko, utundike hiyo.